Neno Alilotuongezea Idi

Wanangu, kila mwaka konkuru ile inapotangazwa mnanijia mmoja mmoja, simu mkononi, mkinionyesha tangazo ambalo nimeshalisoma. Shindano la waandishi wapya wa filamu. Atakayechaguliwa atapewa bursi, atapelekwa nje mwaka mzima akakae na waandishi wazoefu wamfundishe kazi, chumba na chakula juu yao. Mnaniuliza, Shangazi, tuanzie wapi. Mimi nilikuwa mwandishi wa michezo ya redio, filamu sijaandika hata moja, na redio yenyewe niliyoitumikia leo haipo. Lakini mnakuja, kwa sababu hapa mtaani kwetu Buyenzi hamna mwingine, na mkosa kitoweo humangiria.

Basi nitawaambia ninayoyajua, kisha nitawaambia habari ya Zuhura, ambaye wengine wenu mnamfahamu. Mwenyewe ameniruhusu, na mama yake pia. Si habari ya kufurahisha. Mkitaka za kufurahisha, wapo wanaouza kozi kwenye simu, watawafurahisha mpaka mchoke.

Nianze na kichwa changu. Katika mchezo wangu wa kwanza niliandika: "Asha anatikisa kichwa kukubali." Nilijiona nimeandika jambo kubwa. Siku ya kurekodi, mwigizaji akasimama mbele ya maikrofoni, akaangalia karatasi, akaniuliza kwa upole kabisa akitikise kwa sauti gani. Studio nzima ikacheka isipokuwa Mzee Bonifasi. Huyu ndiye alikuwa mkuu wetu wa michezo na ndiye aliyenifundisha kazi, mtu mrefu, mkavu, sijui kama mkewe aliwahi kuyaona meno yake. Aliniita mbele ya maikrofoni, akavaa vipokea sauti, akaniambia nitikise kichwa mpaka yeye asikie. Nilitikisa mpaka kilemba kikaanguka. Kilemba kilipogonga sakafu akasema, "Hicho nimesikia. Kiandike hicho."

Tangu siku hiyo sikuandika kitu ambacho sikio haliwezi kukishika. Nyinyi wa filamu mna macho na masikio, mmepewa zaidi, na bado mnaandika upepo. Nimesoma senario zenu, hati zenu hizo za filamu, na nusu yake ni "anawaza", "anajuta", "anakumbuka utoto wake". Kamera itapiga nini hapo? Kipaji cha uso?

Sisi mvua yetu ilikuwa mchele. Unaumimina taratibu kwenye ungo, karibu na maikrofoni, na msikilizaji wa mtaa wa Jabe anakimbia kuanua nguo. Radi ilikuwa bati, mtu mmoja alishike huku na mwingine huku walitikise. Siku hizi mvua imo kwenye simu, unaibonyeza tu. Sisemi ya zamani ilikuwa bora. Ila mvua ya kwenye simu haipikwi, na ile yetu tulikuwa tunaipika mchana.

Na mchele wa msimu mmoja ulitoka wapi, nitawaambia. Tulikuwa na mchezo wa mfululizo, na ndani yake mzee mmoja mchekeshaji aliyependwa na mji mzima. Mwigizaji wake akapata kazi bandarini, ya kutoa mizigo forodhani, akatuaga. Ikabidi nimuue yule mzee. Nilimuua vizuri, kwa homa, na adhana kwa mbali. Kesho yake wanawake wa soko la Jabe wakaja getini na mchele, mafuta na mkaa, wamejifunga kanga viunoni, wanauliza matanga yako wapi. Na mwigizaji mwenyewe yumo uani, amekuja kuchukua vitu vyake, anakula mandazi. Mmoja wa wale akina mama alimwona, akamtazama juu mpaka chini, akamwambia heri yake anayeweza kula siku kama hii. Alimjua kwa sauti tu, kwa hiyo hakumjua.

Sisi vijana tulitaka kuwaambia ni mchezo. Mzee Bonifasi akatukataza. Akapokea mchele ule kwa mikono miwili, akawashukuru, akawaambia Mungu awalipe, na walipoondoka akatuambia kwamba rambirambi hairudishwi. Ndio mchele uliotunyeshea mvua msimu wote. Tulicheka sana kwa habari ile, miaka na miaka. Siku hizi sicheki sana.

Zuhura ni mtoto wa jirani yangu. Baba yake alikuwa fundi Rajabu, fundi wa giaboksi, ambaye ukimletea gari alikuwa anaegemeza bisibisi kwenye chuma na mpini wake sikioni, anasikiliza, kisha anakuambia jino gani limekatika. Katika mwaka ule wa vurugu, asubuhi moja alitoka nyumbani kwenda bandarini kuchukua vipuri vilivyoletwa kwa boti kutoka Kigoma. Hakufika, na hakurudi. Hakukuonekana mwili, wala kiatu. Mama Zuhura alizunguka kila mlango unaoujua na usioujua. Kila mahali waliandika jina la mume wake, wakamwambia aende nyumbani asubiri.

Watu wakaanza kusema. Amevuka Congo. Ameonekana Uvira. Ameoa Kalemie. Mjini kwetu mtu akipotea hupewa mke wa pili haraka sana, kwa sababu hilo ndilo neno jema tulilo nalo. Na Mama Zuhura aliyapokea yote, hata la mke wa pili, maana mwenye kuoa ni mzima. Kila jioni alimpakulia mumewe chakula, akakifunika kwa sahani nyingine, na asubuhi kikaliwa na aliyekuwapo. Eda hakukaa. Masheikh walimweleza kwa upole kwamba mke wa mtu aliyepotea ana njia yake katika sheria. Aliwasikiliza, akawapa chai, akaendelea kupakua.

Sasa nyinyi watu wa maneno, nisikilizeni hapa. Mtu akiwa hai unamwita kwa jina lake. Akifa unatanguliza neno marehemu, na asiyelitanguliza tunamwona hana adabu. Fundi Rajabu hakuwa na neno lake. Watu walikwepa kumtaja. Wakilazimika, walisema "Baba Zuhura" na kunyamaza kidogo kabla ya kuendelea.

Zuhura alikua hivyo, akaajiriwa kuuza plagi na filta katika duka moja la vipuri, na jioni alikuwa anaandika kwenye simu. Tangazo lilipotoka alikuja kwangu na uso umemkauka. Konkuru ile ina ukomo wa umri, na kwake huo ulikuwa mwaka wa mwisho. Aliniambia akikosa hii atauza plagi mpaka azeeke, na kila jioni ataiangalia sahani ile. Alisema hivyo bila kulia. Mama yake alikwisha kumruhusu kwenda akichaguliwa. Alijua tu kwamba mtoto ameandika mambo ya Buyenzi.

Senario yake ilikuwa ya mke wa fundi aliyepotea. Mwanzoni ilikuwa na upepo kama zenu, "mama anamkumbuka baba" kila ukurasa. Nikamuuliza kamera itapiga nini. Akaniuliza kama kamera inaweza kupiga sahani. Hapo nikajua nimepata mwandishi. Alifuta kukumbuka kote akaweka sahani, na kila ilipotokea ilikuwa na jambo jipya: mara wali, mara ugali na dagaa, mara ya mwisho mihogo mitupu, na bado imefunikwa. Na katika onyesho la mwisho, yule mke anaifunua sahani, anakula chakula kile mwenyewe, anaiosha, anaipanga pamoja na nyingine kabatini. Kisha anavaa nguo nyeupe, anaingia chumbani kukaa eda. Hakuna neno hata moja linalosemwa. Nilisoma nikaweka karatasi chini nikatoka nje kidogo. Nilimwambia hilo onyesho ndilo litakalompandisha ndege.

Mzee Bonifasi alikuwa na kanuni: mlango uliofungua, ufunge, la sivyo msikilizaji atakaa na baridi. Niliifundisha kanuni hiyo maisha yangu yote, na nilimfundisha Zuhura.

Basi someni masharti, wanangu, mpaka ya chini kabisa yenye herufi za sisimizi. Konkuru ile ilikataza jina la mwandishi ndani ya kurasa, ili waamuzi wasijue nani kaandika. Zuhura alikuwa ameweka ukurasa wa mbele: "Kwa baba yangu, Rajabu, fundi." Nikamwambia huo utamtoa mashindanoni. Akasema anajua, atauondoa kwenye nakala ya kutuma, ila kwenye nakala ya kusoma uani ataubakiza, ili mama yake ausikie.

Maana hiyo ndiyo desturi yangu nyingine. Hati haitumwi kabla haijasomwa kwa sauti mbele ya watu wanaofanya kazi zao. Usiwakalishe kwenye viti, watakuonea huruma. Waache wachambue mchele, wafume, wamenye vitunguu. Mikono yao ikisimama, hapo umeandika. Wakianza kuongea, kata.

Nakala ilichapishwa na Idi, mwenye sekretaria kule kwenye magereji, kijumba cha kompyuta moja na mashine moja ya kuchapa. Idi ni kijana msafi wa moyo mwenye ugonjwa mmoja: akiona kosa katika karatasi ya mtu, analisahihisha bila kuulizwa. Amesahihisha barua za mapenzi za watu mpaka wahusika wakafikiri wameandikiwa na mwalimu. Alipofika kwenye ukurasa ule aliona jina la fundi Rajabu, aliyemjua tangu utotoni, limeandikwa kavu, na mtoto wake mwenyewe. Adabu yake haikumruhusu. Akaliongezea neno moja mbele.

Tulisoma uani kwao baada ya sala ya alasiri. Zuhura alikuwa sauti ya mke, wasichana wawili wa jirani walikuwa watu wengine, mimi nilisoma maelezo. Mama Zuhura alikaa kwenye mkeka na ungo wa maharage. Mimi nimesoma mbele ya maikrofoni miaka mingi, na mdomo wangu una tabia ya kutangulia akili. Nikafungua ukurasa wa mbele nikasoma kwa ile sauti yangu ya redio, pole pole, kila neno na haki yake: "Kwa marehemu baba yangu, Rajabu, fundi."

Maharage yakanyamaza.

Mama Zuhura akaniambia nirudie. Nikarudia bila lile neno. Akasema, "Apana. Soma vile iliandikwa." Nikasoma vile ilivyoandikwa. Akamgeukia mtoto wake.

"Nani alikuambia baba yako alikufa?"

Zuhura alikuwa ameishika nakala yake kwa mikono miwili, anaitazama kama hajawahi kuiona. Akasema si yeye, itakuwa ni Idi. Mama yake akauliza, bila kupandisha sauti, Idi alimwona wapi.

Msichana mmoja akatumwa. Idi akaja mbio, miwani mkononi, na alipoambiwa akaeleza mwenyewe: aliona jina halina heshima, akaliheshimu. Mama Zuhura akamsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza, "Idi, mwanangu, we njo ulimuosha?"

Idi akasema, "Apana, mama."

"Ulimuzika?"

"Apana."

"Basi utoe ile neno."

Idi akaomba kalamu, akapiga magoti kwenye mkeka, akalikata neno katika kila nakala, moja moja, mpaka yangu. Nilidhani tumemaliza, tukunje tuondoke. Mama Zuhura akavuta ungo wake na kusema tuendelee, anataka kusikia yote.

Tukasoma. Sijawahi kusoma kazi ngumu kama ile. Kila sahani ilipotokea mikono yake ilisimama, halafu ikaendelea. Tulipofika kwenye onyesho la mwisho sauti yangu ilikuwa imekwisha, na maelezo yote ya onyesho hilo yalikuwa yangu. Anaifunua sahani. Anakula. Anaiosha. Anavaa nyeupe.

"Ule mwanamuke ni mimi," Mama Zuhura akasema.

Zuhura akamjibu kwamba hii ni hadithi, mama, mtu wa kutungwa.

"Kama ni hadisi tu, umurudishe bwana yake."

Wanangu, nimefanya kazi na watayarishaji, wakaguzi, wafadhili, watu wa kila namna wanaojua kukosoa. Sikuwahi kusikia neno lililofunga njia zote kama lile. Zuhura angemrudisha yule fundi, ingekuwa uongo, na kila mtu katika ua ule angejua. Angemwacha yule mke akae eda, angekuwa amemzika baba yake mbele ya mama yake, kwa mkono wake, ili apate kwenda nje.

Zuhura alinifuata nyumbani akaniuliza afanyeje. Nikampa jibu la kazi: ukilikata onyesho lile unajikata mwenyewe, waamuzi hawapendi mlango uliobaki wazi. Nikamwambia uamuzi ni wake. Moyoni nilitaka alibakize, nilitaka aende. Alikaa kwenye kigoda changu muda mrefu akikwangua rangi ya ukucha. Kisha akasema mama yake ameshaambiwa asubiri na watu wengi, na ameshaambiwa aache kusubiri na watu wengi, yeye hataki kuwa mmoja wao.

Akalikata. Senario ikaishia kwenye sahani iliyofunikwa, juu ya meza, mchana.

Siku ya mwisho ya kutuma umeme ulikuwa umekatika mji mzima, na petroli ya jenereta haikupatikana, mnaijua hadithi hiyo. Idi alibeba kompyuta yake kichwani kwa miguu mpaka kwa mchomeleaji mmoja mwenye sola, akakaa nayo hapo, na hakumruhusu mtu mwingine kuigusa mpaka simu ya Zuhura ilipoleta ujumbe kwamba hati imefika. Ukurasa wa mbele haukuwamo. Tangu siku ile Idi hasahihishi karatasi ya mtu. Ukimpelekea barua ina makosa, inatoka na makosa yake yote, na mimi inaniudhi, lakini sina la kumwambia.

Jibu lilikuja baada ya miezi, kwa Kifaransa. Nilikuwapo, tulikuwa tunakunywa chai. Zuhura alisoma mstari wa kwanza kimyakimya na nikaona kwenye mabega yake. Hakuchaguliwa. Mama yake akamwambia asome kwa sauti, kwa Kiswahili, yote.

Walimsifu. Walisema sahani ile hawataisahau. Kisha wakasema kilichomwangusha ni mwisho. Waliandika, na Zuhura alitafsiri pole pole, neno kwa neno: "Baba alikwenda wapi? Yuko hai au amekufa? Mtazamaji aliyesubiri muda wote huo ana haki ya kujua."

Mama Zuhura akaweka kikombe chini. Akamwomba asome tena pale. Zuhura akasoma tena.

"Na wao wanauliza?" akasema. Uso wake ulikuwa na kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu asubuhi ile ya bandarini, kama mtu aliyekutana na mwenzake njiani. "Basi uwajibu. Uwaambie mi pia naulizaka."

Zuhura alijaribu kumweleza kwamba ujumbe ule haujibiwi, kwamba chini wameandika wazi, msijibu, kwa sababu unatumwa na mashine na upande wa pili hakuna mtu anayesoma. Mama yake akasema maofisi ya namna hiyo anayajua, ameshaingia mengi.

"Andika tu," akasema.

Zuhura akaandika. Mama yake alimtajia jina kamili la mume wake, shati alilovaa, njia aliyopitia kwenda bandarini, nami nikayatia katika Kifaransa kizuri kadiri nilivyoweza. Jina hatukulitanguliza na neno lolote. Tukatuma. Hatujajibiwa.